Jiko la Bibi Guk

Ofisini, 5 Septemba 2023

Mwalimu Ma,

Shikamoo. Natumaini upepo wa Uljin haujakutesa, na kwamba binti yako anakupikia wali laini kama daktari alivyoagiza, ingawa nakujua, akigeuka tu unaumwagia pilipili. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza habari za goti ukanijibu habari za ngisi. Basi tuandikiane, kama ulivyotaka mwenyewe.

Kwanza la furaha. Chama chetu cha wapima ardhi kimekubali jina lako nililolipeleka. Mwezi wa kumi na mbili wewe utaitwa mbele ya watu na kuvikwa nishani. Tafuta suti.

La pili ni kazi. Mradi wa ramani za kidijiti umefika Bamgol. Zile karatasi za tangu enzi za Wajapani zinastaafishwa. Kila kona ya kiwanja inapewa namba zake kutoka setilaiti, na namba zikishaingia kwenye mfumo hazitoki tena. Nimerusha droni, kijiji kizima kinaonekana hadi soksi zilizoanikwa. Viwanja vya upande wa juu, vile ulivyovipima mwaka 1984, vimekaa sawasawa. Vijana wa ofisi hawaamini kwamba mtu alifanya vile kwa meza ya mbao na utepe.

Ila vile vitano vya upande wa chini vimehama mita moja na sentimita themanini, vyote pamoja, kuelekea mashariki. Labda jiwe ulilopimia lilisukumwa na mafuriko? Ugumu uko kwa Bibi Guk Malnye, mjane wa miaka sabini na mbili. Kwa vipimo vyako, sentimita tisini za jiko lake ziko kwenye kiwanja cha jirani yake, Bwana Tak Jongbae. Kamati ya mipaka inakaa tarehe 14 Novemba. Ikipitisha vipimo hivyo, jiko linavunjwa. Bibi mwenyewe ni mkorofi kidogo, anapiga kelele.

Naomba uniandikie maneno machache tu, kwamba siku ile unaikumbuka na vipimo ni vyako. Nitayaweka kwenye faili, yaishe.

Mwanafunzi wako,
Pyo Seonhwa

*

Uljin, 11 Septemba 2023

Binti Pyo,

Marahaba. Goti zima, ngisi wapo, wali umenichosha.

Habari ya nishani nimeisoma mara mbili nikamwita binti yangu naye aisome. Alicheka, akaniuliza, “Baba, kumbe ulikuwa mtu?” Nikamwambia ndiyo, kabla hujaanza kunisagia chakula.

Sasa Bamgol. Naikumbuka sana. Agosti, jua la kupasua kichwa, shati likinigandia mgongoni. Nilipima viwanja vyote, juu na chini, kwa siku sita. Ile kona unayoihangaikia, ya kumi na saba daftarini, niliisoma nimesimama uani kwa huyo mama, kwenye pembe ya jiko lake, na daftari linasema hivyo hivyo. Mafuriko yamepita mengi tangu hapo. Mawe hutembea, kuta hutembea, na watu husukuma kuta zao usiku usiku kidogo kidogo. Hayo uliyaona mwenyewe.

Na sheria ya kazi yetu usiisahau kwa sababu ya huyo mbu wako anayeruka. Anayekuja nyuma anaweka bikoni ya mpaka pale alipoiweka aliyemtangulia. Kila mpima akianza kurekebisha kwa macho yake, ua wa mtu utahama kila anapobadilishwa karani. Mimi nilifuata wa kabla yangu, wewe nifuate mimi.

Barua hii iweke kwenye faili lako. Na umwambie huyo mama apunguze kelele.

Ma Deoksu

*

Ofisini, 20 Septemba 2023

Mwalimu,

Asante kwa barua. Nilipoisoma moyo wangu ulitulia. Ulitulia siku tatu.

Siku ya nne ilikuwa ya majirani kusimama pamoja mpakani na kukubaliana. Bwana Tak alikuja na kofia mpya. Bibi Guk alikuja na beseni la plastiki, akalifudikiza juu ya bikoni, akakaa. Nikamwambia, “Bibi, tafadhali, ondoka hapo, ninahitaji kusoma kipimo.” Akasema, “Soma. Si hicho kidude chako kinaongea na mbinguni? Kitaniona.”

Bwana Tak akacheka. Bibi akamgeukia: “Wewe cheka. Ulipokuwa unakuja kwangu kuomba unga wa pilipili, hukusema jiko ni lako.”

Nikamsomea barua yako, Mwalimu, kwa heshima zote. Nilipofika pale pa kusimama uani kwake, akanikatiza.

“Agosti gani hiyo?”

“Ya mwaka 1984, Bibi. Tarehe kumi na mbili, daftari linasema.”

“Tarehe nane nilimzaa Sunim,” akasema. “Kamba ya majani ya mpunga ilikuwa imefungwa langoni, na makaa yananing'inia kwa sababu ni wa kike. Siku ishirini na moja hakuingia mtu. Hata kaka yangu wa kuzaliwa tumbo moja alisimama nje akapiga kelele ya hongera, akarudi kwake. Huyo mwalimu wako aliingilia wapi, kwenye bomba la moshi?”

Watu walicheka. Mimi nilijifanya nafunga mguu wa kipokezi cha setilaiti. Halafu akaongeza, taratibu tu, kwamba juma lile mvua ilinyesha siku nne mfululizo na nepi hazikukauka.

Sina la kukuuliza, Mwalimu. Pengine tarehe iliandikwa vibaya. Pengine ulipima siku nyingine ukaandika ile. Nakueleza tu yaliyosemwa.

Sikukuu ya mavuno njema.

Seonhwa

*

Uljin, 4 Oktoba 2023

Pyo,

Hukuuliza, lakini swali nimeliona.

Nilikufundisha kazi wakati ofisi nzima inasema mwanamke atabeba vipi mguu wa meza. Leo unanisimamisha mbele ya kijiji unisomee kama mshitakiwa, halafu mwanamke mwenye beseni ananicheka.

Daftari langu liko pale. Kama hulitaki, lichome. Habari za kiwanja hicho usiniandikie tena.

Ma

*

Nyumbani, 10 Oktoba 2023

Mwalimu wangu,

Nisamehe, nakuandikia hicho hicho ulichokikataza. Nimeichana barua hii mara tatu, na hii ya nne naituma kabla sijaisoma.

Kuna jambo sikukwambia. Bibi Guk hapigi kelele kwa sababu ya jiko peke yake. Palikuwa na ukuta wa mawe kati yake na Tak, na chini ya ukuta alipanga mitungi yake ya kuchachusha soya, kumi na mmoja. Mwaka 2020 Tak aliomba mpaka uonyeshwe upya. Mpima aliyetumwa ni mimi. Nilisoma lile jiwe la zamani njia panda, nikasoma viwanja vya pande zote. Mashine iliniambia wazi kabisa: ukuta uko mahali pake, na namba za Mwalimu Ma ndizo zimehama. Nilikaa ndani ya gari nikaiangalia skrini mpaka kioo kikajaa ukungu.

Kisha nikafuta niliyoyasoma, nikaandika namba zako. Nilijiambia ni sheria ya kazi. Nilijiambia siwezi kumvua nguo mwalimu wangu mwaka aliostaafu. Kweli yake ni kwamba mwezi ule nilikuwa nasubiri cheo cha mkuu wa kitengo cha ramani za kidijiti, na kumpinga mtu ambaye kila bosi wetu amepita mikononi mwake kungenichelewesha. Cheo nilikipata.

Ukuta ulivunjwa. Mitungi miwili ilipasuka wakati wa kuihamisha. Bibi aliokota soya kwa mikono, mimi nikiwa bado napanga vifaa kwenye gari. Jiko likaachwa kwa muda, eti kwa hisani ya Tak. Huo muda ndio unaokwisha tarehe 14.

Basi nilipokuandikia Septemba sikuwa namtetea Bibi Guk. Nilitaka uniambie ulipima, ili nami niwe sikukosea. Nilitaka kulala kwa gharama ya jina lako. Naona aibu mpaka nashindwa kumwangalia mtu dukani.

Huna haja ya kunijibu.

Seonhwa

*

Uljin, 17 Oktoba 2023

Mwanangu Seonhwa,

Nilikuwa nimeapa nisikujibu. Nikaenda ufukweni kuuza sura, nikarudi. Nimekaa mezani tangu asubuhi.

Yule mama anasema kweli. Sikuingia.

Upande wa juu niliupima vizuri, na ninajivunia hadi leo. Siku ya kushuka chini nilifika langoni kwake nikaona kamba na makaa. Nani angeivuka? Mimi pia nimezaliwa na mtu. Pembe tatu za viwanja vile hazionekani mpaka usimame uani mwake, kwa hiyo nikafunga meza nikarudi. Hapo bado sijakosa kitu. Nilipaswa kurudi baada ya siku ishirini na moja, basi. Kamba ikishaondolewa ningekunywa chai kwake, nikapima, nikaenda zangu.

Ikanyesha. Mkuu wa kijiji alikuwa na pombe nzuri ya mchele. Wilaya ilitaka faili mwisho wa mwezi, na mimi nilitaka kuwa wa kwanza kumaliza, kwa sababu wenzangu wawili walikuwa wanaifukuzia nafasi moja na mimi. Nikafanya kile ambacho nyinyi nyote niliwakataza kwa fimbo: nikapima kwa matako. Nilikaa, nikanakili mistari ya karatasi kuukuu ya Wajapani iliyokwisha kunywea kwa unyevu, nikabuni vipimo ishirini na viwili, nikaandika “jua kali” juu ya kila ukurasa. Hata jasho nililibuni, umeona jinsi nilivyokusimulia shati langu. Nimeusema uongo ule mara nyingi mpaka najiona kabisa nimesimama pale.

Halafu nikawafundisha kufuata aliyetangulia. Ilinifaa sana sheria ile. Wapima watatu wameninakili kabla yako, na kila aliyeninakili alinikaza mahali pangu.

Uliposema soya iliokotwa kwa mikono, niliacha kusoma. Binti yangu aliuliza kama nimeumwa.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, na muhuri wangu uko juu yake. Ni maelezo kwa kamati: kwamba kona za upande wa chini sikuzipima, nilizitunga, na kwamba ukuta wa zamani ndio mpaka. Isome wewe kwa sauti. Chama nimekiandikia kwamba nishani siitaki, sababu wataisikia.

Jambo moja nakuamuru, na hili ni agizo la mwisho nitakalokupa. La kwako la mwaka 2020 usilitaje. Mimi nimebakiza nini cha kuharibu? Meno? Wewe una miaka ishirini ya kazi mbele, na wasichana wawili ofisini wanakutazama. Mzigo wote upakie kwangu.

Ma Deoksu

*

Ofisini, 16 Novemba 2023

Mwalimu,

Jiko limesimama. Kamati imefuta namba za 1984 na kuurudisha mpaka pale ulipokuwa ukuta. Theluji ikishayeyuka, Tak ataondoa ua aliouweka na Bibi atajenga tena.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana hustahili kuelezwa vipande.

Ukumbi wa kijiji ulijaa. Niliisoma karatasi yako yote, sikuruka neno. Nilipofika kwenye “jua kali”, Tak akasimama: “Mzee mshenzi huyu! Miaka thelathini na tisa ananipa ardhi isiyo yangu, na mimi nimepanda vitunguu!” Mwingine akauliza kama serikali itakukamata. Mwingine akasema alijua tu, wapima wote walevi. Nilisikia jina lako likitupwa huku na huku, nami nimeshika karatasi kwa mikono miwili kama mtu wa kwaya.

Bibi Guk hakukutukana. Alisema, “Angalau kamba aliiheshimu.” Halafu akanitazama mimi.

“Na wewe, binti,” akasema. “Siku ile ya ukuta ulikuja na hicho kidude. Chenyewe hakikukwambia?”

Mwalimu, walikuwa watu kama sitini. Wale wasichana wangu wawili wa ofisini walikuwa wamekaa karibu na mlango. Nilikuwa na pumzi ya kutosha kabisa. Nikasema, “Hakikuniambia, Bibi.”

Akaitikia kwa kichwa. Akaniamini. Jioni ile hakuja mtu mwingine ofisini ila yeye, amepanda basi na goti lake bovu, ameniletea kopo la soya kutoka mmoja wa mitungi iliyopona. “Kwa kuwa umemleta mwalimu wako kwenye ukweli,” akasema. Nilipokea kwa mikono miwili. Niliinama. Kopo liko chini ya dawati langu, sijalifungua na sithubutu kulipeleka nyumbani.

Nilitii agizo lako. Lakini usinipongeze.

Seonhwa

*

Uljin, 22 Novemba 2023

Mwanangu,

Nimefurahi kwa ajili ya jiko. Hilo kwanza.

Binti yangu amesoma nakala ya maelezo yangu. Anaweka sahani, anaondoka, na pilipili anaiacha mezani mwenyewe, haifichi tena. Ningependa anigombeze.

Nilidhani nakupa zawadi. Kumbe nilikuwa nakufundisha mara ya pili jambo lile lile baya. Mimi nami nilipewa ruhusa ya kunyamaza, ujue. Mkuu wangu wa wakati ule aliliona daftari. Alipitisha kidole kwenye “jua kali”, akaangalia nje kwenye matope, akapiga muhuri. Nilimpenda sana mtu yule kwa ajili ya muhuri ule. Na tangu siku ile sikuwahi kumtazama usoni, hata kwenye mazishi yake nilisimama nyuma.

Sitaki unipende hivyo.

Agizo langu nalifuta. Hunifuati tena.

Ma

*

Nyumbani, 2 Desemba 2023

Mwalimu Ma,

Alhamisi nilipeleka ripoti kwa mkuu wa ofisi: yale niliyoyasoma mwaka 2020, niliyoyafuta, na saa niliyoyafuta. Alivua miwani, akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia sina. Wameniondoa kitengoni mpaka uchunguzi uishe, na kibali changu cha kupima kiko kwenye droo yake. Wasichana wangu walinisaidia kubeba maboksi. Mmoja alilia, mwingine hakunitazama, na huyo ndiye ninayemwelewa zaidi.

Kwa Bibi Guk niliandika barua, kwa sababu kwa mdomo najijua: ningezunguka, ningeanza na sheria ya kazi, ningekutaja wewe kabla yangu. Niliiandika fupi. Nikaenda kuiingiza chini ya mlango nikimbie.

Nilimkuta uani, amekunja mikono ya sweta, mikono yote kwenye maji ya chumvi, anageuza kabichi za kimchi, achari ya majira ya baridi. Nikamnyooshea bahasha. Akaitazama, akacheka.

“Mimi sijui kusoma, binti. Nilipelekwa shule miezi miwili, baba akaja kunichukua. Nisomee.”

Nikasema ningerudi nayo siku nyingine, binti yake Sunim akija. Akasema Sunim haji hadi mwaka mpya, na kama ni la serikali lisingoje. “Kaa hapo. Soma.”

Sikukaa. Nilisoma nimesimama. Ni mistari saba tu, Mwalimu, lakini nilihisi nimesoma Biblia nzima. Nilipomaliza alikuwa bado anageuza kabichi, moja baada ya moja, anafungua majani, anatia chumvi katikati. Nikadhani hakusikia.

“Rudia pale pa ukuta,” akasema.

Nikarudia: “Mashine iliniambia ukuta wako uko mahali pake. Nililijua hilo kabla haujavunjwa, nikanyamaza.”

“Tena.”

Nikasoma tena. Akachukua kabichi nyingine. Akaniambia tena. Mara ya nne neno “nililijua” likatoka nusu. Bibi Guk akainua kichwa. Hakuwa na hasira usoni, wala hakuwa na huruma. Akanionyesha kwa kidevu nyumba ya Tak, dirisha lao lilikuwa wazi.

“Pandisha sauti,” akasema. “Na wao wasikie.”

Nikapandisha.

Seonhwa